MAUNGIO YA MWILI: NI KITU GANI KINACHOISHIKA MIFUPA YETU PAMOJA?

 



Wanafunzi wetu wanaosoma sekondari wameshaona katika maabara, au katika picha za kitabu cha Baiolojia, kiunzi cha mifupa ya mtu kimesimama wima. Kitazameni kwa makini. Hakikusimama chenyewe. Kimetundikwa kwenye nguzo ya chuma, na mifupa yake imefungwa kwa nyaya na skrubu. Zikikatwa nyaya hizo, mifupa yote itaporomoka chini kama mzigo wa kuni uliofunguliwa kamba.

Sasa tujiulize. Sisi ndani yetu hatuna waya wala skrubu. Tunapanda na kushuka vilima vya Matogoro, tunacheza mpira, akina mama wanabeba ndoo za maji kichwani, tunarukuu na kusujudu, na mifupa yetu haiachani. Ni kitu gani kinachoishika? Na kitu hicho kikiumia, tunakitendea haki yake, au tunakiharibu zaidi kwa kutojua? Hayo ndiyo tunayokusudia kuyaeleza katika makala haya, inshaallah.

Mifupa mingapi, maungio mangapi?

Mtu mzima ana mifupa 206. Mtoto mchanga huzaliwa na mifupa mingi zaidi, kati ya 270 na 300, kwa sababu mifupa mingine ni vipande ambavyo huungana kadiri anavyokua. Jambo la kushangaza ni kwamba zaidi ya nusu ya mifupa ya mtu mzima iko kwenye mikono na miguu. Kila mkono, kuanzia kifundo hadi ncha za vidole, una mifupa 27. Kila mguu, kuanzia kifundo hadi vidole, una mifupa 26. Jumlisheni mikono miwili na miguu miwili, mtapata 106. Ndiyo maana mkono unaweza kushika kalamu na kuandika herufi, na unyayo unaweza kukanyaga njia yenye mawe bila mtu kuanguka.

Mahali mifupa miwili au zaidi inapokutana ndipo tunapopaita maungio. Katika mazungumzo ya kawaida neno "kiungo" hutumika pia kwa mkono, mguu au jicho, kwa hiyo hapa tutatumia "maungio" ili tusichanganyikiwe.

Katika hadithi ya Bibi Aisha (R.A.) aliyoipokea Imam Muslim, Mtume (S.A.W.) ametufahamisha kwamba mwanadamu ameumbwa na maungio 360, na kwamba kumtaja Mwenyezi Mungu, kuamrisha mema na hata kuondoa jiwe au mwiba njiani ni katika shukrani ya maungio hayo. Baadhi ya wanafunzi hutuuliza: je, wataalamu wa mwili nao wanahesabu 360? Jibu ni kwamba wataalamu hawana hesabu moja, kwa kuwa inategemea kinachohesabiwa. Anayehesabu mishono ya fuvu na kila mahali jino lilipopandwa kwenye taya atapata hesabu kubwa. Anayehesabu yale yanayokunjika tu atapata ndogo. Hatuna haja ya kubishana juu ya hesabu. Hadithi inatufundisha kushukuru, na mtu hushukuru vizuri zaidi anapokijua alichopewa.

Aina tatu za maungio

Maungio hayakuumbwa kwa namna moja. Wataalamu huyagawa katika mafungu matatu.

1. Maungio yasiyotembea. Mifano yake ni mishono ya fuvu la kichwa. Mifupa ya fuvu imeshonwa kwa nyuzi ngumu ili kuulinda ubongo. Mtoto mchanga fuvu lake halijafunga, na ndiyo maana akina mama huona utosi wake ukicheza. Nafasi ile ni rehema: humwezesha mtoto kupita wakati wa kuzaliwa, na humwachia ubongo nafasi ya kukua. Utosi wa mbele hufunga kwa kawaida anapokaribia umri wa mwaka mmoja na nusu.

2. Maungio yanayotembea kidogo. Mifano yake ni pingili za uti wa mgongo. Kati ya pingili na pingili kuna kisahani cha gegedu chenye kitu laini katikati. Visahani hivi viko 23, navyo hupokea mishindo tunapotembea na kubeba mizigo. Mchana kutwa hubanwa na kupoteza maji kidogo, usiku tunapolala hujaa tena. Mwanafunzi anayetaka uhakika asimame ukutani baada ya swala ya Alfajiri, atiwe alama ya urefu wake, kisha apimwe tena baada ya Isha. Asubuhi mtu huwa mrefu kuliko jioni kwa sentimeta moja hivi.

3. Maungio yanayotembea kwa wingi. Haya ndiyo tunayoyafahamu zaidi: goti, kiwiko, bega, nyonga, vidole, vifundo vya mikono na miguu. Mengine ni kama bawaba ya mlango, hukunjika na kukunjuka, mfano kiwiko. Mengine ni kama mpira uliokaa ndani ya kikombe, huzunguka kila upande, mfano bega na nyonga.

Vitu vinavyoshika

Tukifungua maungio ya goti kwa macho ya elimu, tutakuta vitu vitano vinavyofanya kazi pamoja.

Kwanza ni ligamenti. Hizi ni kamba imara zinazofunga mfupa kwa mfupa. Goti lina ligamenti nne kubwa: moja upande wa ndani, moja upande wa nje, na mbili katikati zilizopishana kama herufi X. Zile mbili za katikati huzuia fupa la paja na mfupa wa muundi visiteleze mbele na nyuma. Wachezaji wa mpira wanaokaa nje miezi mingi kwa ajili ya goti, mara nyingi ni moja kati ya hizo mbili iliyokatika.

Pili ni kano. Kano hufunga msuli kwenye mfupa. Msuli ukijikunja, kano huuvuta mfupa, nao mfupa hutembea. Shikeni nyuma ya kisigino mtaigusa kano iliyo nene na yenye nguvu kuliko zote mwilini. Kwa hiyo kumbukeni tofauti hii, maana wengi huichanganya: ligamenti ni mfupa kwa mfupa, kano ni msuli kwa mfupa.

Tatu ni gegedu. Ncha za mifupa zimefunikwa kwa gegedu, kitu cheupe, laini na cha kuteleza, kama kile tunachokiona kwenye ncha ya mfupa wa kuku. Ndani ya goti kuna pia magegedu mawili yenye umbo la mwezi mwandamo, yanayokaa kati ya fupa la paja na muundi kama mto wa kukalia.

Nne ni kifuko na ute wake. Maungio yote yamezungushiwa kifuko, na ndani yake kuna ute mzito unaofanana na ute mweupe wa yai. Katika goti zima la mtu mwenye afya ute huu haujazi hata kijiko kimoja cha chai, lakini hutosha kulainisha na kulisha. Gegedu halina mishipa ya damu. Chakula chake hulifikia kupitia ute huu: tunapotembea gegedu hubanwa na kuachiwa kama sifongo, likatoa uchafu na kunyonya chakula. Kwa sababu hiyo mtu anayekaa tu bila kujongea huyanyima magegedu yake riziki.

Tano ni misuli yenyewe. Kombe la bega, kwa mfano, limeunganishwa na mifupa ya kifua kwa njia ya mtulinga peke yake. Mahali pengine pote limeshikwa na misuli. Na upo mfupa mmoja mdogo kooni, chini ya ulimi, uitwao hyoidi, ambao haukugusana na mfupa mwingine wowote. Umeninginizwa kwa ligamenti na misuli tu. Tunapomeza mate na tunaposoma Qur'ani mfupa huo hupanda na kushuka.

Ligamenti na kano zimefumwa kwa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo zimesokotwa pamoja kama kamba ya katani: uzi mmoja ni mwembamba sana, lakini nyingi zikisokotwa hustahimili mzigo mkubwa. Katika Suratul Insan, aya ya 28, Mwenyezi Mungu anataja kwamba Yeye ndiye aliyewaumba watu na kuutia nguvu muundo wao, na miongoni mwa wafasiri wapo waliolieleza neno hilo kuwa ni maungio.

Maungio katika swala

Njia rahisi ya kuyajua maungio ni kuyafuata ndani ya rakaa moja.

Tunapoinua mikono kwa takbira, bega hufanya kazi. Bega ndilo maungio yenye uhuru mkubwa kuliko yote mwilini, kwa kuwa kikombe chake ni kifupi na mpira wake ni mkubwa. Uhuru huo una gharama: bega pia ndilo linaloongoza kwa kutenguka. Tunaporukuu, nyonga hukunja. Kikombe cha nyonga ni kirefu, na mbele yake ipo ligamenti yenye nguvu kupita zote mwilini, inayotuwezesha kusimama muda mrefu bila misuli kuchoka haraka. Tunaposujudu juu ya viungo saba tulivyofundishwa, magoti hukunja, vifundo vya mikono hulala nyuma, na vidole vya miguu hukunjwa kuelekea kibla. Tunapokaa tahiyatu, magoti hukunja karibu mwisho wa uwezo wake. Na tunapotoa salamu kulia na kushoto, pingili mbili za juu kabisa za shingo huzunguka moja juu ya nyingine. Karibu nusu ya mgeuko wa shingo hutoka hapo. Shingo yetu ina pingili saba tu. Twiga wa mbugani, pamoja na urefu wake wote, naye ana saba.

Hapa tuseme neno juu ya wanafunzi wanaopenda kualisha vidole. Mlio ule si wa mfupa kusagana. Ni kipovu cha hewa kinachotokea ndani ya ute maungio yanapovutwa ghafla. Haijathibitika kwamba mchezo huo huleta ugonjwa wa maungio, lakini ndani ya swala haupendezi, basi tuuache.

Kuteguka: subira ni dawa

Sasa tufike kwenye jambo lililotufanya tuandike makala haya.

Watoto wetu huanguka kutoka kwenye miembe, huteguka uwanjani, na vijana huanguka na bodaboda. Kinachofuata tunakijua: kifundo kimevimba, jirani anashauri mtoto avutwe, mwingine analeta mafuta ya moto achuliwe, na baada ya siku tatu mtoto anaambiwa "umepona, nenda kacheze". Wote hao wana nia njema, lakini nia njema bila elimu huweza kumlemaza mtoto.

Kuteguka maana yake ni kwamba ligamenti imenyooshwa kupita kiasi, au baadhi ya nyuzi zake zimekatika, au imekatika yote. Kutenguka ni zaidi ya hapo: mfupa umetoka mahali pake. Na kuvunjika ni mfupa wenyewe kupasuka. Hali zote tatu zina uvimbe na maumivu, na kwa macho tu mara nyingi haziwezi kutofautishwa. Ndiyo maana kuna picha ya eksirei.

Watu wengi hudhani kuvunjika ndiko kubaya na kuteguka ni jambo dogo. Lakini mfupa una damu nyingi, na mara nyingi huunga ndani ya wiki 6 hadi 12. Ligamenti ina damu kidogo. Maumivu yanaweza kuisha baada ya wiki mbili au tatu, ilhali nyuzi zake bado zinaendelea kusukwa upya kwa miezi kadhaa, hata mwaka. Anayerudi uwanjani kwa kuwa tu maumivu yameisha, huteguka tena pale pale, na mara ya pili huwa rahisi kuliko ya kwanza. Mwishowe kifundo huwa legevu maisha yake yote.

Kwa hiyo mtu akiteguka tufanye haya:

1. Apumzike. Asilazimishwe kutembea ili "kuzoea".
2. Kiungo kipozwe kwa kitambaa kilicholowekwa maji baridi, dakika 15 au 20 kila mara, siku mbili tatu za mwanzo. Kama barafu ipo, ifungwe katika kitambaa, isigusane na ngozi.
3. Kifungwe kwa bandeji kwa kiasi. Vidole vikifa ganzi, vikiwa baridi au vikibadilika rangi, bandeji ilegezwe mara moja.
4. Kiinuliwe juu ya mto anapolala.
5. Kisivutwe, kisichuliwe wala kutiwa mafuta ya moto siku hizo za mwanzo. Kuvuta mfupa uliovunjika kunaweza kukata mshipa wa damu au wa fahamu, na kuchua huongeza damu kuvuja ndani.
6. Maumivu yakipungua, aanze kukijongeza taratibu, kwa kuwa kama tulivyosema, maungio hulishwa kwa kujongea.

Apelekwe zahanati au hospitali bila kuchelewa iwapo hawezi kukanyaga hata hatua nne, kiungo kimepinda, kuna jeraha, vidole vina ganzi, au maumivu yako juu ya mfupa wenyewe. Hapa Songea tunayo Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wengi tunaiita HOMSO, na kwa matatizo makubwa nchi yetu ina Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI) iliyoanzishwa mwaka 1996. Hatuwadharau wazee wetu wenye ujuzi wa kukanda. Tunachosema ni kwamba kwanza ijulikane kilichoumia ni nini, kisha kila mwenye ujuzi afanye kwa nafasi yake.

Lipo onyo jingine kwa wazazi. Mtoto akiwa na homa, na goti au nyonga yake ikavimba, ikawa ya moto na hataki iguswe, huo si mteguko wa kuchua. Huenda ni vijidudu vilivyoingia ndani ya maungio, na usaha ule huweza kuliharibu gegedu kwa siku chache tu. Ni dharura ya siku hiyo hiyo. Na mtoto anayelalamika maumivu ya viungo mara kwa mara bila kuanguka apimwe seli mundu, badala ya kuanza kutafuta nani kamroga.

Na mtoto mdogo wa chini ya miaka mitano asinyanyuliwe kwa mkono mmoja, wala kuvutwa mkono kwa nguvu kwa kumharakisha au kumwadhibu. Ligamenti inayozunguka kichwa cha mfupa wa kiwikoni kwake bado ni laini, na mfupa huweza kuchopoka. Mshikeni chini ya makwapa.

Nyuzi zinazofumuka: habari za Malindi

Kolajeni haifumwi bila vitamini C. Mwanadamu hawezi kuitengeneza mwilini mwake, lazima aile. Akiikosa kwa miezi, nyuzi huanza kufumuka: fizi hutoka damu, maungio huuma na kuvimba, na hata vidonda vya zamani vilivyokwisha pona hufunguka. Ugonjwa huo ni kiseyeye.

Pwani yetu inaikumbuka habari hii. Vasco da Gama, baharia Mreno, alipokuwa anarudi kutoka India mwaka 1498, kuvuka bahari kulimchukua takriban miezi mitatu. Mabaharia wake wengi walikufa kwa kiseyeye. Walipofika Malindi mwezi wa Januari 1499, walituma mtu nchi kavu kutafuta machungwa kwa ajili ya wagonjwa wao, ingawa wengine walikuwa wamechelewa mno. Sababu yenyewe ilikuja kujulikana katika miaka ya 1930, vitamini C ilipotambuliwa.

Sisi tuna mapera, maembe, machungwa na mboga za majani, na pera lina vitamini C nyingi kuliko chungwa. Tena mboga zisichemshwe mno, maana moto mwingi huiharibu vitamini hiyo. Pamoja na hayo tule maharage, dagaa, samaki na mayai, kwa kuwa kolajeni ni protini.

Ugonjwa uliopata jina lake Newala

Maungio huumizwa pia na maradhi. Mmoja kati ya magonjwa hayo umepewa jina la Kimakonde duniani kote. Mwaka 1952 watu wa uwanda wa juu wa Makonde, Newala, walishikwa na homa ya ghafla yenye maumivu makali ya maungio. Zama hizo Newala na Songea zilikuwa katika Jimbo moja la Kusini. Wenyewe wakauita chikungunya, kwa maana ya kile kinachomkunja mtu, kwa jinsi wagonjwa walivyotembea wamejikunja. Daktari Marion Robinson na mwenzake W. H. R. Lumsden wakaandika habari zake mwaka 1955, na jina likabaki hivyo hivyo.

Mwaka 2004 ugonjwa huo ulizuka Lamu, ukafika Mombasa, mwaka 2005 ukaingia Komoro, na mwaka 2005 na 2006 ukakipiga kisiwa cha Réunion ambako zaidi ya theluthi moja ya wakazi waliugua. Huenezwa na mbu aina ya Aedes, anayeuma mchana na kuzaliana katika maji ya makopo, mapipa na matairi mabovu. Homa huisha kwa siku chache, lakini maumivu ya vidole na vifundo huweza kubaki miezi. Basi tumwage maji yaliyotuama na kufunika mapipa.

Mguu kifundo unatibika

Takriban mtoto mmoja katika kila 1,000 huzaliwa na mguu kifundo, yaani unyayo umepinda kuelekea ndani. Familia nyingine humficha mtoto huyo, nyingine humtuhumu mama. Hapana kosa la mama hapo. Na tiba ipo, inayotegemea sifa ile ile ya ligamenti na kano: ziko hai, na katika utoto hukubali kunyooshwa taratibu.

Daktari Ignacio Ponseti, mzaliwa wa Hispania aliyefanya kazi Iowa, Marekani, ndiye aliyeibuni njia hii. Unyayo husogezwa kidogo kwa upole, hufungwa bandeji gumu, na kila wiki hufunguliwa, husogezwa tena na kufungwa upya. Kwa kawaida hubadilishwa mara tano au sita hivi. Wengi huhitaji pia kukatwa kidogo kano ya kisigino, ambayo hujiunga tena yenyewe. Kisha mtoto huvaa viatu maalumu vyenye kipande cha kuviunganisha, akilala usiku, hadi umri wa miaka minne hivi. Wazazi wakiviacha viatu hivyo mapema, mguu hurudi kupinda. Nchini Uganda na Malawi njia hii ilifundishwa pia kwa maafisa wa tiba, ikawafikia watoto wa vijijini. Mtoto apelekwe katika wiki za mwanzo za maisha yake. Aliyechelewa naye asikatiwe tamaa.

Haki ya wazee wetu

Umri ukisogea, gegedu hulika na magoti huuma. Kila hatua tunayopiga huliletea goti mzigo wa mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili, kwa hiyo kupunguza unene ni nafuu kubwa. Kutembea kwa kiasi na kuimarisha misuli ya paja pia husaidia.

Na mzee asiyeweza kusimama au kusujudu asione haya kuswali ameketi. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Sahaba Imran bin Husayn (R.A.) kuswali kwa kusimama, asipoweza aketi, na asipoweza alale ubavu. Vijana wasiwacheke wanaokaa kwenye viti msikitini. Wawasogezee viti hivyo.

Ndugu wasomaji, mifupa yetu imeshikwa na vitu laini visivyoonekana, vinavyofanya kazi bila kelele na kupona polepole. Shukrani yake ni kuvilisha vizuri, kuvijongeza, na kuvipa muda vinapoumia. Na kumbukeni kwamba kuondoa jiwe njiani ni sadaka ya maungio yetu. Anayeliondoa jiwe lile hukilinda na kifundo cha mguu cha mwenziwe anayepita nyuma yake gizani akienda swala ya Alfajiri.

Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya ligamenti na kano.
2. Gegedu halina mishipa ya damu. Hupataje chakula chake?
3. Kwa nini haifai kuvuta au kuchua kifundo kilichoteguka siku ile ile?
4. Taja maungio matano yanayofanya kazi katika rakaa moja, na kazi ya kila moja.